Mnufaika Asiyeweza Kumuua Mtu

Ilikuwa Jumamosi, saa nne asubuhi, na mvua nyepesi ilikuwa inanyesha bila haraka, kama kibarua anayelipwa kwa siku.

"Ukitia saini hapo, mwanangu hamalizi wiki!"

Sauti hiyo ndiyo iliyotukatiza Jumamosi iliyopita, na haijapungua tangu hapo. Mama Keki alikuwa ameshika kalamu, na ncha yake ilikuwa imekwisha kugusa karatasi. Mlangoni alisimama mama mkwe wake, mwavuli mkononi, maji yakimtiririka hadi kwenye zulia.

Kwa msomaji anayejiunga nasi leo, habari kwa ufupi ni hii. Ngazi ni fundi rangi wa maghorofa. Ameitwa hivyo kwa urefu wake na kwa kazi yake. Amepata kibarua kikubwa kuliko vyote maishani mwake: kulipaka rangi jengo refu kwa nje, akiwa amekaa juu ya ubao unaoning'inia kwa kamba mbili. Mkandarasi ametoa sharti moja tu. Fundi asiye na bima ya maisha hatapanda.

Mkewe huoka keki za harusi. Wana mabinti wawili wadogo, ambao asubuhi hiyo walikuwa wamepelekwa kwa jirani ili wasitie vidole kwenye sukari. Mama Keki anataka jambo moja: siku kamba ikikatika, mabinti wake wasibaki wakitegemea unga na mayai tu. Ili hilo liwezekane, jina lake liandikwe kwenye nafasi ya mnufaika, yaani mtu atakayelipwa, naye aweke saini yake chini. Kampuni hii inataka mnufaika atie saini mwenyewe.

Nafasi hiyo ndiyo iliyokuwa tupu.

"Shikamoo, mama," alisema Mama Keki. Kalamu hakuiweka chini.

"Marahaba ya wapi? Iweke kwanza hiyo kalamu."

"Mama, hii ni karatasi ya kazi tu," alisema Ngazi.

Huyu ni mwanamume anayeweza kula mkate ghorofa ya kumi, miguu ikining'inia hewani. Lakini mbele ya mwanamke huyu anayemfikia kifuani, alikuwa amekwisha kusimama na kuvua kofia.

"Karatasi ya kazi inauliza ukifa nani ale?"

"Ikitokea tukio," alisahihisha Wakala wa bima kwa upole.

Wakala alikuwa kijana wa viatu vinavyong'aa hata siku ya tope. Alikuwa ameuza bima za kifo kwa miaka mingi bila kulitamka neno kifo.

"Tukio gani?" aliuliza Mama Mkwe.

"Tukio lenyewe, mama."

"Harusi?"

"Hapana. Lile lingine."

"Unaona?" Mama Mkwe alimgeukia mwanawe. "Hata yeye analiogopa. Kuna bwana mmoja nyumba za nyuma huko alimwandika mkewe Jumatatu. Alhamisi tukawa tunapanga viti vya msiba."

"Pole sana. Alikuwa na umri gani?" aliuliza Wakala.

"Tisini na moja. Lakini alikuwa mzima kabisa!"

Mama Mkwe hakuwa amekuja peke yake. Nyuma yake aliingia Shangazi, dada wa marehemu baba yake Ngazi, ambaye hajawahi kukosa ugomvi wa familia tangu ajifunze kutembea. Nyuma ya Shangazi aliingia Kaka Mkubwa. Huyu alikuwa karani wa mahakama hadi alipostaafu, na tangu siku hiyo kila sebule anayoingia huigeuza chumba cha kesi.

"Naomba utulivu," alisema Kaka Mkubwa, ingawa kwa wakati huo hakuna aliyekuwa anazungumza. "Tukae. Shemeji, toa hiyo keki mezani, inazuia watu kuonana."

"Keki haiondoki, kaka. Inafuatwa saa saba. Mtaonana pembeni."

Basi kikao kikafanyika kando ya keki ya ngazi tatu, nyeupe kama shuka ya hospitali. Shangazi alikaa upande ambao sukari ilikuwa bado haijakauka.

"Hoja ni moja," alianza Kaka Mkubwa. "Je, ni busara mke kuandikwa kwenye bima ya mumewe?"

"Si busara," alisema Mama Mkwe.

"Nilikuwa bado sijamaliza swali, mama."

"Na mimi nimeshamaliza jibu. Mwanamke akishajua thamani ya mumewe akiwa marehemu, ataanza kumpigia hesabu akiwa hai. Akikohoa tu, ataenda kutazama kabati la nguo nyeusi."

Mama Keki aliiweka kalamu chini. Aliiweka taratibu, na wanaomjua walipaswa kuogopa wakati huo.

"Sawa, mama," alisema. "Sitaki ugomvi. Mimi nijiondoe. Uandikwe wewe."

Mama Mkwe alirudi nyuma hatua moja. Matone ya mvua yalisikika kwenye bati la jikoni.

"Mimi?"

"Si wewe ndiye uliyemzaa?"

"Nimemzaa, ndiyo maana siwezi! Kesho limtokee jambo, watu waseme nilimzaa ili nimuuze?"

"Basi Shangazi."

Shangazi alikitoa kidole mdomoni haraka. "Msinitazame mimi. Mimi jina langu limeshaharibika mtaani tangu wale kuku wa jirani. Niliwasifia asubuhi, jioni wakafa wote. Sasa nikiandikwa kwenye hili, si nitahamishwa?"

"Kaka Mkubwa?"

"Mimi nina mgongano wa maslahi," alisema Kaka Mkubwa.

"Upi?"

"Bado sijauchunguza. Lakini upo."

Msomaji, natumaini umewahi kuona watu wakigombania fedha. Ni jambo la kawaida sana. Lakini je, umewahi kuona watu wazima wakisukumiana fedha nyingi kama wanavyosukumiana mtoto mchafu, na kila mmoja macho yake yakiwa palepale kwenye karatasi? Hakuna aliyezikataa fedha zile moyoni. Kila mmoja alizikataa mdomoni tu, kwa sababu alijua vizuri jinsi yeye mwenyewe angemsema mwenzake.

"Samahani," alisema Wakala, akitazama saa yake. "Lazima awe mtu mmoja. Fomu haipokelewi ikiwa na nafasi tupu."

Simu ya Ngazi ikalia. Alikuwa ni Mkandarasi, na sauti yake iliijaza sebule yote.

"Umekata bima au hujakata? Nina fundi mwingine hapa amekuja na bima yake na suruali yake ya kazi!"

Ngazi alifungua mdomo. Wakala aliinyakua simu.

"Tayari, bosi! Karatasi ninazo mkononi hapa!"

Hakusema uongo. Karatasi alikuwa nazo mkononi. Hazikuwa na jina la mnufaika, lakini hilo hakuulizwa.

"Safi!" alisema Mkandarasi, akakata simu.

Ndipo Kaka Mkubwa aliposimama. Alirekebisha kola. Alijikohoza kikohozi cha mtu aliyefikia hukumu.

"Nimetafakari," alisema. "Tatizo letu ni tuhuma. Yeyote aliye hai akiandikwa, siku ya siku atashukiwa. Je, ni kweli au si kweli?"

"Kweli," walijibu Mama Mkwe na Shangazi kwa pamoja.

"Basi dawa ni rahisi. Tumwandike mtu asiyeweza kushukiwa. Mtu asiye na tamaa. Mtu ambaye hata akitaka, hawezi kumuua mtu."

"Nani huyo?" aliuliza Ngazi.

"Bibi."

Ngazi alimtazama kaka yake. "Bibi yupi?"

"Bibi yetu. Mama yake baba."

"Lakini Bibi ali—"

"Amepumzika," alikatiza Kaka Mkubwa, akimtazama Wakala. "Bibi amepumzika. Hatumsumbui."

Bibi alikuwa amepumzika tangu Ngazi akiwa darasa la tatu. Familia yote ilikuwa imehudhuria mapumziko hayo.

Wakala alielewa. Usidanganyike kwamba hakuelewa. Mtu anayelikwepa neno moja kila siku hulitambua hata likijifunika gubigubi. Lakini Wakala alikuwa na haja yake. Katika ofisi yao kulikuwa na ukuta, na kwenye ukuta huo hutundikwa picha ya wakala aliyewapita wenzake mwezi huo. Alikuwa amebakiza kidogo sana kutundikwa.

"Basi tusimsumbue," alisema, akashika kalamu tayari kuandika jina.

"Umesema vizuri, mwanangu!" Mama Mkwe alipiga makofi. "Bibi alikuwa mtu wa haki. Hakumdhuru hata sisimizi."

"Na alikuwa ananipenda mimi kuliko wote," alisema Shangazi, naye akapiga makofi, akiacha alama nyeupe kwenye viganja vyake.

Hivyo ndivyo watu wenye akili timamu, mmoja wao akiwa na vyeti, walivyokubaliana mchana kweupe kwamba fedha za mabinti wawili walio hai apewe bibi aliye kaburini, kwa sababu ana tabia nzuri.

Mama Keki hakupiga makofi. Alichukua kitambaa, akafuta sukari iliyodondoka mezani, akauliza swali kwa sauti ya mtu anayeulizia bei ya nyanya.

"Kijana, mnufaika si lazima atie saini mwenyewe?"

"Ndiyo, mama."

"Bibi atatiaje?"

"Bibi hakujua kuandika hata siku moja," alijibu Kaka Mkubwa upesi. "Alikuwa anatiliwa na mtu. Kampuni inaruhusu, nimeulizia. Asiyejua kuandika ana mwakilishi."

Wakala alitikisa kichwa kukubali.

"Umeuliza lini, kaka?" aliuliza Mama Keki.

"Hivi karibuni."

"Kabla ya kikao hiki?"

"Nilikuwa nafanya maandalizi."

"Vizuri. Na kijana, siku ya hilo tukio lako, mwakilishi kazi yake ni nini?"

"Anapokea malipo kwa niaba ya mnufaika, mama."

"Anayapeleka wapi?"

"Hiyo tena ni kati yake na mnufaika."

"Na mwakilishi wa Bibi ni nani?"

Mvua iliendelea kunyesha. Kaka Mkubwa alikuwa amekwisha kutoa kalamu yake mwenyewe mfukoni, ile ya wino wa buluu ambayo aliagwa nayo kazini. Kifuniko chake kilikuwa wazi.

Mama Mkwe aliitazama kalamu. Kisha alimtazama mwenye kalamu, tangu kichwani hadi soksini.

"Kumbe!" alisema.

"Mama, usiende haraka—"

"Kumbe wewe ulikuwa umejificha nyuma ya kaburi!"

"Ningewagawia."

"Ungemgawia nani?" Shangazi alisimama. "Na mimi nimekupigia makofi! Mikono yangu hii! Mtoto niliyekuogesha!"

"Ningewagawia wahusika, kwa mujibu wa taratibu."

"Taratibu mama yako!" alisema Shangazi, kisha akakumbuka kwamba mama mwenyewe wa Kaka Mkubwa alikuwa amesimama pale. "Samahani, wifi."

"Endelea tu," alisema Mama Mkwe.

Ngazi alisogea karibu. Alikuwa anamtazama kaka yake kama anavyotazama kamba kabla ya kupanda, akitafuta mahali ilipoliwa.

"Kaka," alisema mwishowe. "Wanangu je?"

Kaka Mkubwa alifunga kifuniko cha kalamu. Aliirudisha mfukoni polepole, kama karani anayefunga faili la kesi iliyoshindwa.

Tungeweza kuishia hapo, na haki ingekuwa imetendeka. Lakini karatasi ilikuwa bado haina mnufaika, Mama Mkwe alikuwa bado na mwavuli wake, na mkosi wa kumwandika mke ulikuwa bado palepale.

"Hata hivyo," alisema Mama Mkwe, akirudi pale alipoachia, "mke haandikwi."

Mama Keki alimgeukia Wakala.

"Kijana, mimi naweza kukata bima yangu?"

Wakala alikaa wima kama aliyechomwa sindano. "Yako mwenyewe, mama?"

"Yangu mwenyewe. Niandikwe mimi kwa mume wangu, na yeye aandikwe kwangu. Leo hii, hapa hapa. Mimi nikimtamania mabaya, na yeye ana sababu ya kunitamania. Kila mmoja amshike mwenzake shati."

"Inawezekana kabisa!" alisema Wakala. Bima mbili katika nyumba moja, katika asubuhi moja! Alikwisha kuiona fremu ya picha yake.

Mama Mkwe alikuwa amekunja uso. Mtu angedhani anatafuta pingamizi. Alikuwa anatafuta kitu kingine.

"Ngoja kwanza," alisema. "Yaani wewe likikutokea... likikutokea hilo tukio, nani analipwa?"

"Mume wangu."

"Mwanangu?"

"Mwanao."

"Peke yake?"

"Peke yake, mama."

Mama Mkwe aliuegemeza mwavuli ukutani. "Na wewe kazi yako ni ya moto, sivyo?"

"Ya tanuri."

"La gesi?"

"La gesi, mama."

Mama Mkwe alivuta kiti, akakaa. Alikuwa hajawahi kukaa katika nyumba ile bila kukaribishwa mara mbili.

"Kijana," alimwambia Wakala, "andika. Hii bima inaonekana ni nzuri."

Mkosi ukawa umekwisha. Ulikuwa mkali sana ulipomwelekea mwanawe. Ulipogeuka kumtazama mkwe, ukawa mpango wa maendeleo.

Maswali ya afya yalianza. Kwa mujibu wa fomu, yanapaswa kujibiwa na mwombaji. Fomu hiyo iliandikwa na mtu asiye na familia.

"Unavuta sigara?" Wakala alimuuliza Ngazi.

"Hapana."

"Nyuma ya choo anavuta," alisema Shangazi.

"Shangazi!"

"Mbili kwa siku," alisema Mama Keki. "Andika mbili. Sitaki siku moja waje kuniambia tulidanganya."

"Umewahi kuanguka ukiwa kazini?"

"Mara moja. Nilidakwa na wavu."

"Usiandike wavu," alisema Mama Mkwe. "Andika amebarikiwa."

"Baba mzazi alipatwa na tukio kwa sababu gani?"

"Ukaidi," alisema Mama Mkwe bila kufikiri.

"Fomu inataka ugonjwa, mama."

"Kijana, wewe hukumjua. Ulikuwa ugonjwa."

Zamu ya Mama Keki ilikuwa fupi. Havuti, hanywi, hajalazwa isipokuwa kwa kujifungua. Kila alipojibu kwamba ni mzima, Mama Mkwe alitikisa kichwa taratibu kama mtu aliyetajiwa bei ya juu kidogo.

Ngazi alitia saini zake zote, moja kwa kila fomu. Hapo hapo simu yake ililia tena, naye akatoka nje, kwenye baraza ya uani, kuipokea.

Zingatia hilo, msomaji. Ngazi alikuwa barazani, mlango umefungwa, wakati maneno yafuatayo yaliposemwa.

Mama Keki alitia saini, mara mbili. Kisha aliushika mkoba wa Wakala kabla hajaufunga.

"Inaanza lini kufanya kazi?"

"Mara moja, mama!"

"Mara moja ipi? Sasa hivi, akitoka hapo nje akateleza, mabinti zangu wanalipwa?"

Wakala alilamba midomo. "Kiutaratibu, inaanza karatasi zikishagongwa muhuri ofisini."

"Ofisi inafungwa saa ngapi leo?"

"Saa saba mchana."

"Na isipogongwa leo?"

"Hadi Jumatatu, mama. Lakini usihofu. Naenda moja kwa moja kama mshale."

"Mwanangu anapanda Jumatatu asubuhi na mapema," alisema Mama Mkwe. Alisema kwa wasiwasi wa kweli. Tumpe haki yake, alimpenda mwanawe. Alichokosa ni hesabu ya watu wengine.

"Basi uende sasa," alisema Mama Keki, "na usisimame popote. Hata ukiitwa na mama yako."

"Kama mshale," alirudia Wakala.

Kule barazani, Mkandarasi alikuwa anapiga kelele kwa furaha ndani ya simu.

"Mvua inakatika! Wakala wako si alishaniambia tayari? Basi Jumatatu ya nini? Njoo sasa hivi uanze upande wa barabarani, wenye jengo wanapita jioni, nataka waone rangi!"

"Leo, bosi?"

"Leo! Au nimpe huyu mwenye suruali?"

Ngazi alitazama angani. Wingu lilikuwa limepasuka katikati, na jua lilikuwa linachungulia. Alirudi ndani, akakuta karatasi zimeondoka na Wakala ameondoka nazo. Saini yake ilikuwapo. Saini ya mkewe ilikuwapo. Mama yake alikuwa ameketi na anatabasamu. Mwanamume gani angedhani kwamba bado kuna jambo limebaki?

"Nani alikuwa anapiga?" aliuliza Mama Keki. Alikuwa ameinama juu ya keki, akiziba mahali Shangazi alipokuwa ameketi karibu mno.

"Mkandarasi. Ameniita nikaitazame rangi."

"Kuitazama tu?"

"Rangi lazima itazamwe, mke wangu."

Nalo halikuwa uongo. Rangi ilikuwa juu.

Aliubusu utosi wa mkewe, akachukua begi lake la kazi, akatoka. Kama Mama Keki angeinua macho, angeona kwamba mkanda wa usalama haukuwa tena kwenye msumari wake nyuma ya mlango. Hakuinua. Alikuwa anachora waridi la sukari, na waridi halitaki mikono inayotetemeka.

Mpaka saa saba kasoro dakika chache, haya ndiyo yaliyofanywa na kila mmoja wao.

Shangazi alikwenda kwa majirani zake, nyumba moja baada ya nyingine, akawaeleza jinsi alivyougundua ujanja wa Kaka Mkubwa. Katika nyumba ya mwisho, alikuwa ameugundua peke yake.

Kaka Mkubwa alirudi nyumbani kwa miguu bila mwavuli. Aliketi mezani, akachukua karatasi, akaanza kuandika utetezi ambao hakuna aliyeuomba.

Mama Mkwe hakuondoka. Aliingia jikoni mwa mkwe wake kwa mara ya kwanza tangu harusi, akamtengenezea chai kwa mikono yake mwenyewe, akaitia sukari nyingi, akamletea.

Mama Keki aliipokea kwa mikono miwili, akashukuru, akaiweka kando ya keki. Hakuinywa. Aliwakabidhi wenye harusi keki yao, kisha akaenda kwa jirani kuwachukua mabinti zake. Alipita chini ya jua jipya akiwa mwepesi moyoni, kwa sababu aliamini kwamba muhuri ulikuwa umekwisha kugongwa.

Wakala alikuwa kwa kinyozi. Alikuwa amepita mara moja tu, kwa dakika tano tu, kwa sababu picha ya ukutani haipigwi na nywele za wiki mbili. Mbele yake walikuwa wateja wawili. Mkoba ulikuwa mapajani mwake, umefungwa vizuri, na saa ya ukutani ilikuwa nyuma ya kichwa chake.

Ngazi alijifunga mkanda, akakaa juu ya ubao wake, akavutwa juu upande wa barabarani. Ubao ulikuwa bado umelowa. Alipofika ghorofa ya tisa aliona sehemu ya ukuta ambayo kwa kawaida asingeifikia. Siku nyingine angeshuka, asogeze kamba, apande upya. Siku hiyo aliinama nje zaidi ya kawaida yake, brashi mkononi, akipiga mluzi, kwa utulivu wote wa mtu aliyekatiwa bima.